Kupiga picha za ndege na machweo kando ya maji, majira ya kupukutika majani

Ndege aliyesimama kati ya kamera na jua linalozama anakuonyesha upande wake wa gizani. Manyoya hayaonekani, rangi ya mdomo haionekani, jicho limepotea. Kilichobaki ni umbo. Ndiyo maana jioni moja kando ya maji ina kazi mbili za picha, na kila moja ina mahali pake pa kusimama na mipangilio yake. Ya kwanza ni ndege aliyemulikwa na mwanga wa dhahabu, jua likiwa mgongoni mwako. Ya pili ni umbo jeusi la ndege mbele ya anga na maji yanayowaka. Picha nyingi mbovu za machweo huzaliwa pale mpigapicha anapozitaka zote mbili kwa mbofyo mmoja: manyoya yanatoka ya kijivu yenye chengachenga, na anga limeungua likawa jeupe.

Jua la majira haya

Majira ya kupukutika majani ni Septemba hadi Novemba upande wa kaskazini wa dunia, na Machi hadi Mei upande wa kusini. Kadiri unavyokuwa mbali na ikweta, ndivyo jua linavyozama kwa mshazari badala ya kushuka wima. Kwenye ikweta duara la jua humezwa na upeo kwa dakika 2 hivi. Kwenye latitudo ya nyuzi 50 huchukua zaidi ya dakika 3, na mwanga unaofaa hubaki kama nusu saa baada ya hapo, badala ya dakika 20 na kitu.

Lakini jua hilo linahama kwa haraka. Kwenye latitudo hiyohiyo, machweo hutangulia kwa dakika 2 hivi kila siku, na sehemu ya upeo ambapo jua linazamia husogea zaidi ya nusu nyuzi kwa siku: kuelekea kusini ukiwa kaskazini mwa dunia, kuelekea kaskazini ukiwa kusini. Lenzi ya mm 400 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, cha mm 36 kwa 24) huona nyuzi 5 tu kwa upana. Kwa hiyo ukipanga leo jua lizame nyuma ya kigogo wanachokalia minandi, ukarudi baada ya wiki moja na kusimama palepale, jua litakuwa limeshatoka nje ya fremu. Sogea wewe, au panga upya.

Kukadiria muda bila saa, nyoosha mkono na upange vidole kati ya jua na upeo. Watu husema kila kidole ni dakika 15. Mbali na ikweta ni kati ya dakika 10 na 15; karibu na ikweta ni kama 8 tu, na wengi hukosa picha kwa kuamini vidole vyao.

Faida kubwa ya majira haya ni ndege wenyewe. Wanaohama wanakusanyika makundi makundi na kulisha miili kabla ya safari, na jioni huwa na ratiba. Mabata bukini hurudi majini kutoka mashambani giza likikaribia. Korongo hutafuta maji ya kina kifupi wasimame humo usiku kucha. Kwezi huzunguka juu ya matete kama moshi kabla ya kutumbukia wote kwa pamoja. Ratiba hiyo hujirudia siku baada ya siku, na hiyo ndiyo sababu jioni ya kwanza inafaa kutumika kutazama tu. Jambo moja la kujua mapema: bata dume wa spishi nyingi mwanzoni mwa majira haya bado wamevaa manyoya mafifu yanayofanana na ya majike, kwa hiyo usihangaike kutafuta rangi zao. Kwenye umbo jeusi haidhuru.

Majani yenyewe yapige kwenye maji. Rangi ya majani humwagika juu ya maji pale ambapo ukingo wa ng'ambo umepigwa na jua huku maji yaliyo mbele yako yako kivulini. Yangeyange akipita hapo, anakatiza kwenye dhahabu na nyekundu tupu. Maji yenyewe yakipigwa na jua moja kwa moja, rangi hiyo hufifia kwa sababu mng'ao wa juu ya maji unaifunika. Kichujio cha polaraizi kitoe: kazi yake ni kufuta kinachoakisiwa juu ya maji, na unaweza kuifuta rangi hiyohiyo unayoitaka.

Upepo ndio unaochagua mahali pa kusimama

Ndege hupaa na kutua wakiukabili upepo. Ukilijua hilo, unajua watakuonyesha upande gani kabla hawajafika.

Kwa kazi ya kwanza, jua mgongoni, upepo mzuri ni ule unaotoka mgongoni mwako pia. Ndege watatua wakikuelekea, uso na kifua vimemulikwa. Kwa kazi ya pili unageuka kulikabili jua, na upepo uleule sasa unatoka mbele yako: ndege watatua wakikupa mkia. Umbo jeusi la ndege anayekupa mkia ni bonge lisilo na shingo wala mdomo. Machweo yanataka upepo wa ubavuni, ili ndege wapite na kutua wakionyesha upande mmoja mzima wa mwili. Upepo ukitoka upande wa machweo, kaa na mwanga wa dhahabu kwa muda mrefu zaidi na uyaachie machweo ndege waliosimama. Upepo ukiwa shwari kabisa, jambo la kawaida jua likikaribia kuzama, ndege hutua vyovyote lakini unapata maji kama kioo.

Pwani, ongeza jedwali la maji kujaa na kupwa. Vitwitwi na ndege wengine wa matopeni hutawanyika mbali maji yakipwa. Maji yakijaa husukumwa hadi kwenye vipande vichache vya ukavu na kusongamana hapo. Tafuta siku ambayo maji yanajaa saa 1 hadi 2 kabla ya machweo. Kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo nafasi hiyo hukaa siku chache tu kisha ikapita. Na usitembee kwenye matope yaliyo wazi ukiwa umeinamia skrini. Maji huingia nyuma yako kupitia mifereji kabla hujayaona mbele.

Urefu wa kamera kutoka majini ndio unaoharibu picha nyingi za umbo jeusi. Ushauri wa kawaida wa picha za ndege ni kulala chini, lenzi iwe sentimita 20 hivi juu ya maji, ili mandhari ya nyuma yalainike. Mchana ushauri huo ni sahihi. Jioni, ukilala chini, ndege huangukia kwenye ukingo wa ng'ambo ulio mweusi, na mweusi juu ya mweusi hauonekani. Inuka polepole, piga goti, simama ikibidi, hadi umbo lote la ndege, kuanzia mdomo hadi miguu, liwe ndani ya maji yanayong'aa. Mahali ambapo upeo ni bahari tupu isiyo na miti, unaweza kurudi chini.

Vifaa

Lenzi ya mm 400 hadi 600 ni ya ndege mmoja mmoja. Ya mm 70 hadi 200 ni ya makundi angani, na ndiyo inayotoa picha nyingi za machweo kuliko watu wanavyodhani. Toa kichujio cha kinga kilicho mbele ya lenzi: jua likiwa ndani ya fremu, kioo hicho bapa huzaa madoa ya mwanga. Acha kikinga jua cha lenzi mahali pake. Stendi ya miguu mitatu inasaidia baada ya jua kuzama. Kabla ya hapo, mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage na kuwekwa juu ya jiwe unatosha na haukufungi.

Baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Beba vitambaa viwili vikavu. Umande hutanda kwenye kioo cha mbele mara jua linapotoweka, na dalili yake ya kwanza ni picha kuonekana laini bila sababu. Wengi hulaumu fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha.

Tahadhari isiyo na mjadala: usitazame jua kupitia kioo cha kutazamia cha kamera yenye kioo cha kurudisha mwanga (DSLR), hasa ukiwa na lenzi ndefu. Lenzi hiyo hukusanya mwanga kwenye jicho lako. Tumia skrini. Kamera isiyo na kioo hicho (mirrorless) inalinda jicho, lakini kihisi na shata, pazia linalofunguka kuingiza mwanga, vinaweza kuungua ukiiacha kwenye stendi ikilielekea jua. Subiri liwe jekundu na dhaifu karibu na upeo, na kati ya picha elekeza lenzi pembeni.

Saa ya dhahabu: jua mgongoni

Anza kama saa moja kabla ya machweo. Kivuli chako mwenyewe ndicho dira: kikimwelekea ndege, mwanga uko sawa. Mipangilio ya kuanzia:

- Ndege anayeruka: kasi ya shata 1/2000 (ya sekunde), tundu la lenzi f/6.3 (namba ikikua, tundu hupungua), ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 800 hadi 1600. Kwa ndege wakubwa wenye mapigo ya polepole, kama korongo na mwari, 1/1000 inatosha.
- Anayetembea au kulisha kwenye kina kifupi: 1/500.
- Ndege mweupe juu ya maji meusi: punguza mwanga kwa theluthi 2 ya hatua hadi hatua 1 nzima (hatua 1 ni kupunguza mwanga kwa nusu au kuuzidisha mara mbili). Kamera huona weusi mwingi, hufungulia mwanga, na manyoya meupe huungua.
- Ndege mweusi, kama mnandi: ongeza theluthi 2.

Mizani ya rangi usiiache ijiamulie. Kamera ikiona dhahabu nyingi hudhani ni kosa na kuipooza. Weka mchoro wa jua, au nyuzijoto za rangi 5500 K. Kwa joto zaidi, mchoro wa mawingu. Ukipiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata) unaweza kubadilisha baadaye, ila skrini itakudanganya uwanjani na utaanza kurekebisha kisichoharibika.

Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, na umshike ndege angali mbali ili kamera izoee mwendo wake. Kuwinda ndege aliyekwisha fika mbele yako ni kazi bure. Jifunze dalili za kuruka: bata hutikisatikisa kichwa, mabata bukini hupandisha kelele, kulastara huinama mbele na mara nyingi hujisaidia kwanza. Ukiziona, bonyeza nusu ya kitufe na usubiri.

Dakika 15 hivi kabla ya machweo mwanga wa mgongoni hupungua nguvu. Geuka.

Machweo: kupiga umbo

Weka kamera kwenye hali ya kujipangia mwenyewe. Elekeza lenzi kwenye anga kando ya jua, jua likiwa nje ya fremu, upime mwanga hapo. Kwa anga safi kama dakika 10 kabla ya jua kuzama, anza na f/5.6, 1/1000, ISO 400 hadi 800. Piga picha moja ya majaribio na utazame histogramu ya rangi (grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia), hasa nyekundu. Nyekundu ndiyo inayogonga ukuta wa kulia kwanza, na ikigonga, rangi ya chungwa hugeuka njano ya kuchosha hata kama histogramu ya jumla inaonekana salama. Punguza kwa theluthi hadi itoke ukutani. Duara la jua lenyewe litaungua tu, liache. Kisha usiguse mipangilio kila ndege anapopita. Ibadilishe kwa sababu anga limebadilika. Baada ya jua kuzama, kagua kila dakika 3 hivi, kwani mwanga hushuka kwa kasi, na utajikuta kwenye 1/250 na ISO 1600 mapema kuliko ulivyotarajia.

Sasa ukubwa wa jua. Kwenye picha, kipenyo cha jua ni urefu wa lenzi ukigawanya kwa 110. Lenzi ya mm 400 hutoa jua la mm 3.6 kwenye fremu yenye kimo cha mm 24, yaani kama moja ya sita au saba ya kimo chote. Lenzi ya mm 24 hutoa nukta. Hesabu hiyohiyo ndiyo siri ya ndege ndani ya duara la jua: ndege mwenye kimo cha mita 1 hulingana na jua akiwa mita 110 kutoka kwako. Akiwa mita 30, ni mkubwa kuliko jua karibu mara 4 na jua linakuwa sahani ndogo mgongoni mwake. Ukitaka korongo aenee ndani ya jua, rudi nyuma, usisogee mbele; na kwa bahati njema ndege nao wanapenda hivyo.

Ubora wa umbo unapimwa na nafasi tupu zinazolizunguka. Mdomo uonekane wote, usiguse mwili wala jirani. Shingo iachane na bawa. Ndege wawili wakipishana huwa kiumbe kimoja chenye vichwa viwili, kwa hiyo piga mfululizo mfupi wa picha 5 au 6 na uchague ile waliyoachana. Anayeruka, mshike bawa likiwa juu kabisa au chini kabisa. Bawa lililonyooka usawa wa mwili huonekana kama kijiti kilichopita kati yake. Kwa kundi, acha anga wazi upande wanakoelekea na usijaribu kulijaza lote kwenye fremu.

Fokasi hapa hukosea kwa sababu maalumu: mawimbi madogo yenye mng'ao yana tofauti kali zaidi ya mwanga na giza kuliko mwili mweusi, kwa hiyo eneo pana la fokasi hushika maji. Tumia nukta ndogo na uiweke ukingoni mwa umbo, shingoni au kwenye kiungo cha bawa, ambapo weusi unakutana na mwanga. Ikiendelea kuyumba, fokasi kwenye kigogo au tete lililo umbali uleule na ufunge. Kumbuka ukali una mipaka: mm 400, f/5.6, ndege akiwa mita 30, kilicho wazi ni kama mita 1.9 tu kwa kina. Kundi lililotawanyika linataka f/8 hadi f/11. Zaidi ya hapo vumbi lililo kwenye kihisi huanza kuonekana angani kama madoa ya kijivu.

Anga likibaki na buluu na waridi baada ya jua kuzama, wengi hufunga mikoba. Kaa. Huo ndio muda mabata bukini wengi wanapoingia, na mwanga hautoshi tena kugandisha mabawa, kwa hiyo acha kujaribu. Shusha shata hadi 1/30 au 1/15 na umfuate ndege kwa mwendo wake, ukizungusha kiuno na kuendelea kumfuata hata baada ya mbofyo. Piga nyingi, chache sana zitakuwa na kichwa kilicho wazi kati ya mabawa yaliyotiririka, na hizo zinatosha.

Kwa simu

Simu haifai kwa ndege wa mbali, ila kwa kundi mbele ya machweo inafaa sana. Gusa anga karibu na jua, shikilia hadi mwanga na fokasi vifungwe, kisha vuta mwanga chini mpaka rangi ikolee. Usitumie ukuzaji wa kidijitali. Kata picha baadaye. Zima hali ya usiku, kwa kuwa huunganisha picha kadhaa na ndege hutoka na mabawa manne.

Umbali, na kuondoka

Ndege akiacha kula na kuinua kichwa akutazame, umeshakaribia kupita kiasi. Simama, shuka chini, rudi nyuma hatua kadhaa. Kundi linalofurushwa kutoka malalo yake jioni linatumia nguvu lililokuwa likiiwekea akiba kwa safari, na giza halilipi muda wa kutafuta mahali pengine. Fika kabla ya ndege, kaa sehemu moja, usitumie flashi wala sauti za kurekodi za kuwaita. Droni usiirushe. Kuondoka, subiri watulie, kisha ujivute chini chini bila kusimama wima mbele ya anga. Kwao, wewe pia ni umbo jeusi.

Kabla ya kuingia ndani kwenye joto, funga kamera kwenye mkoba au mfuko wa plastiki ungali nje. Toa kadi ya kumbukumbu hapohapo, maana kamera isifunguliwe kwa saa 1 hadi 2: hewa yenye joto ikikutana na lenzi baridi, maji hujikusanya hadi ndani ya vioo. Ukiwa pwani, pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji yasiyo na chumvi, halafu kikavu.

Kwenye kompyuta, nyoosha upeo kwanza. Maji yaliyoinama huonekana hata na asiyejua picha. Kisha shusha weusi hadi umbo liwe jeusi kweli. Jaribu la kuinua vivuli ili manyoya yaonekane hurudisha chengachenga tu. Rangi ongeza kidogo au usiongeze kabisa, na ukiona mipaka ya ngazi ngazi kuzunguka jua badala ya rangi kuyeyuka taratibu, umeshapitiliza: rudisha nyuma nyekundu na chungwa peke yake, uiache njano ilivyo.